Msitupigie fimbo ya wasomi wa kwanza

Haya ndugu zangu, niko huku milimani Hatta. Nimeadimika hapa kibarazani miezi miwili hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kama bado nipo hai. Nipo, mzima kabisa. Baridi imeingia, msimu umepamba moto, watu wa Dubai mjini wanapanda huku kila mwisho wa wiki na mahema yao na majiko yao ya mkaa kuchoma nyama, na sisi tunaowahudumia wageni hatupati hata nafasi ya kujikuna. (Kwa wale msiojua: Hatta ni sehemu ya Dubai lakini iko mbali nayo, kama kilomita 130, katikati ya milima ya Hajar, ukitupa jiwe linaangukia Oman. Hakuna ghorofa ndefu huku. Kuna mitende, ngome ya zamani, bwawa na mawe. Mawe mengi!)

Nilikusudia leo kuweka picha za bwawa. Zitangoja, kwa sababu nina donge kooni.

Wengi wenu mnaosoma hapa mmo kwenye lile kundi la WhatsApp la ukoo, kwa hiyo mmeona yaliyotokea. Kwa wasiokuwemo nasimulia kwa ufupi. Binti yetu, mpwa wangu, yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Chuo sikitaji. Pesa za kujikimu za muhula huu zilichelewa, wiki zikapita, wenzake wakaanza kulala na uji. Siku moja wakaenda kukaa mbele ya ofisi za utawala na mabango ya karatasi. Hawakuvunja kioo wala kurusha jiwe. Mtu akapiga picha, picha ikazunguka, ikafika kwenye kundi letu, na binti yetu anaonekana wazi kabisa mstari wa mbele na kanga kiunoni.

Basi Mjomba akaandika. Mjomba wangu huyu mnamjua, mtu wa Tanga, mstaafu, msomi wa kwanza wa ukoo wetu upande wa mama, ninamheshimu na shikamoo yake naitoa hapa mbele za watu. Aliandika ujumbe mrefu kama mkeka. Kiini chake ni hiki: mchango wa ukoo kwa binti usimame mpaka aandike barua ya kuomba radhi. Sababu? Ati wasomi wa kwanza wa nchi hii, wale wa baada ya uhuru, walisoma kwa nidhamu, kwa uzalendo, hawakudai kitu, walijua taifa ni changa, na ndiyo maana wakaijenga nchi. Vijana wa leo wamedekezwa. Watu kumi na tano wakaweka kidole gumba. Kumi na tano! Wengine najua hata hawakusoma mpaka mwisho.

Ningemjibu kulekule, ila kule nikizidisha mistari mitatu Mama Mdogo ananitumia katuni ya mtu anasinzia. Kwa hiyo najibu hapa, kwenye uwanja wangu, ambapo nafasi ni ya bure.

Hao wasomi wa kwanza ni watu waliokuwepo, siyo malaika wa kwenye hadithi. Wana tarehe na wana habari zao. Tuanze tangu mwanzo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushei kabla ya uhuru wenyewe. Wakati huo kilikuwa chuo tanzu cha Chuo Kikuu cha London, kina kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi 13. Walisomea ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Miongoni mwa hao wa mwanzo alikuwemo Julie Manning, ambaye baadaye, mwaka 1975, alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 Dar, Makerere na Nairobi wakaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 Dar wakahamia kule kilimani ambako mpaka leo tunapaita Mlimani. Hicho kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970.

Sasa fikirieni hali ya nchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walituachia nchi ambayo asilimia 85 ya watu wazima hawajui kusoma, ina wahandisi 2 na madaktari 12. Katika nchi ya namna hiyo, kijana aliyefika Mlimani alikuwa kama yai la mbuni. Alilindwa na kulipiwa, na kazi ilikuwa inamngoja kabla hata hajamaliza mtihani. Mkulima wa pamba wa Shinyanga na wa mkonge wa kwetu kule Tanga ndio waliolipa. Silaumu. Nchi ilihitaji watu hao haraka, na kuwalipia ilikuwa akili. Lakini msituambie hawakudai kitu! Mtu aliyewekewa sahani mezani anadai nini?

Hata hivyo walidai. Na hapa ndipo hadithi ya Mjomba inapovunjika vipande.

Mwaka 1966 serikali ilileta sheria ya kuwalazimisha wahitimu wa kidato cha sita na vyuo kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2. JKT yenyewe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1963. Mpango ulikuwa miezi ya mwanzo ukae kambini, kisha miezi 18 inayobaki ufanye kazi yako ya kawaida huku ukilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana mpaka Ikulu, wamevaa majoho yao ya chuo. Wakamsomea Rais risala kwamba kama masharti hayabadiliki, basi watakwenda lakini mioyo yao haitakuwemo. Na kulikuwa na bango lililosema kwamba afadhali wakati wa mkoloni.

Soma tena hapo. Miaka 5 tu baada ya uhuru, mbele ya Mwalimu, bango la kusifu ukoloni! Hao ndio wazalendo wa Mjomba waliojua kwamba taifa ni changa. Binti yetu bango lake lilikuwa limeandikwa "Tuna njaa". Nawaachia mpime.

Mwalimu alikasirika, na hasira yake inajulikana mpaka leo. Aliwaambia warudi makwao. Waliofukuzwa kutoka Chuo Kikuu walikuwa zaidi ya 300, na ukijumlisha na wa vyuo vingine wanakaribia 400. Kwa chuo kile kidogo cha wakati ule, huo ulikuwa msiba. Wakasafirishwa mpaka mikoani kwao, wakakabidhiwa kwa wazazi waliouza ng'ombe ili wafike kule.

Sasa nataka kuwa mkweli, kwa sababu sitetei kila bango lililowahi kushikwa. Vijana wale wa 1966 hoja yao ilikuwa na tundu kubwa. Mwalimu aliwapigia hesabu palepale: yeye alikuwa anapata shilingi 5,000 kwa mwezi, na mtu maskini wa nchi hii anayepata shilingi 200 kwa mwezi angehitaji miaka 25 kupata kile ambacho Rais anapata kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo ukiifanya kwa kalamu inatoka sawasawa. Na wasomi wale walikuwa njiani kwenda upande wa mishahara minono, siyo upande wa shilingi 200. Kwa hiyo mkulima angewasikiliza angewacheka, na angekuwa na haki.

Lakini angalieni Mwalimu alifanya nini kingine siku ileile. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kutoka 5,000 kwenda 4,000, na vigogo wengine nao wakakatwa. Miezi isiyozidi minne baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya viongozi. Wapo wanahistoria wanaosema kelele za wale vijana, hata kama zilikuwa za kujipendelea, zilimsukuma Mwalimu kulitazama tabaka zima la wenye mishahara, yeye akiwemo. Naona wana hoja.

Basi Mjomba, kwa heshima zote. Mwalimu alipowatimua watoto alijikata na yeye. Wewe unapotaka kumkata binti yetu, umejikata nini?

Na jambo jingine ambalo kwenye ule ujumbe mrefu halikutajwa. Wale waliofukuzwa, wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata! Samuel Sitta alikuwa mmoja wa waliotimuliwa 1966. Unajua alikwenda wapi baadaye? Akawa waziri, akawa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010, na mwaka 2014 akaliongoza Bunge Maalum la Katiba. Alipofariki mwaka 2016 taifa lilimzika kwa heshima. Angekuwa wa ukoo wetu, tungekuwa tumemsimamishia mchango na leo angekuwa anauza mitumba Urambo.

Walioingia baada yao nao hawakukaa kimya. Yoweri Museveni alifika Mlimani mwaka 1967, na yeye na wenzake wakaunda umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Kiafrika, uliojulikana kwa kifupi USARF. Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa anafundisha pale. Issa Shivji alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche, na mwaka 1970 serikali ikawafungia jarida na umoja wenyewe. Kumbukeni hao hawakuwa wanaipinga serikali kutoka kulia kama wale wa majoho. Wao walikuwa wanaiambia serikali ya kijamaa kwamba ujamaa wake hautoshi! Hata hao wakaonekana watovu wa nidhamu. Mwaka 1971 ikaja zamu ya Akivaga, rais wa wanafunzi aliyetoka Kenya. Aliandika barua ya wazi kuulaumu uongozi wa chuo, akachukuliwa na askari wenye silaha na kufukuzwa, chuo kikawaka moto kwa mgomo.

Mnaona mfululizo huo? 1966, 1970, 1971. Hapo hata sijafika unakokujua wewe Mjomba.

Maana Mjomba ulisoma Mlimani kuanzia 1977. Ulitusimulia mwenyewe pale barazani kwa Bibi, tukiwa wadogo tumekaa kwenye mkeka. Ulimaliza kidato cha sita, ukaenda JKT, ukafanya kazi kwanza kwa sababu ya lile Azimio la Musoma la 1974 lililotaka watu wafanye kazi kabla ya kwenda chuo kikuu, ndipo ukaingia. Ukatusimulia chakula cha kantini. Mayai asubuhi, matunda baada ya mlo, kuku Jumapili. Tulikuwa tunameza mate. Na posho ya vitabu juu! Hata nauli ya kurudi likizo ulilipiwa. Ninakumbuka vizuri kwa sababu sisi siku ile tulikuwa tumekula makopa.

Sasa, tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kwenda mjini kupinga marupurupu mapya ya wabunge na mawaziri. Walifukuzwa mamia, na wengi wakarudishwa baadaye. Wewe ulikuwa mwaka wa kwanza. Hilo hujatusimulia hata siku moja. Kwa hiyo nakuuliza hapa, kwa adabu: ulikwenda au ulibaki bwenini? Kama ulikwenda, basi binti yetu kakurithi wewe, na unapaswa kumpongeza. Kama ulibaki, basi wenzako waliokwenda ndio wasomi wa enzi zako unaotusifia, na walikuwa barabarani na mabango.

Mtaniambia hayo ni ya kwetu tu, Waafrika na vurugu zetu. Hapana. Hebu tutazame Marekani, ambao kila mtu anapenda kuwatolea mfano. Nao walifanya mapinduzi yao, wakatangaza uhuru 1776, wakamaliza vita 1783. Kizazi cha kwanza kilichokwenda vyuoni baada ya hapo, watoto wa wapiganaji wenyewe, unadhani walikaa wametulia? Mwaka 1807 wanafunzi wa Harvard waligoma kwa ajili ya chakula kibovu, tukio hilo linajulikana mpaka leo kwa jina la kabichi zilizooza. Mwaka huohuo kule Princeton waliasi, na zaidi ya 100 wakatimuliwa, yaani zaidi ya nusu ya chuo. Na Thomas Jefferson, yuleyule aliyeandika Azimio la Uhuru wao, alijenga Chuo Kikuu cha Virginia uzeeni mwake, kikafunguliwa 1825. Hata mwaka haujaisha vijana wakafanya fujo usiku na kuwashambulia maprofesa. Mzee, umri miaka 82, akasimama mbele yao awakemee, akashindwa kusema kwa uchungu. Ndugu yake wa damu alikuwa mmoja wa wale watukutu!

Wazee wa kule nao walisema maneno ya Mjomba, kwamba kizazi hiki hakijui baba zao walipigania nini. Na vijana wakajibu kwamba baba zetu walitufundisha kutokubali kuonewa. Wengi wa wale wa Virginia walikuwa watoto wa mabwana waliomiliki watumwa, na watumwa ndio waliowapikia na kuwafulia pale chuoni, kwa hiyo sitaki kuwapamba. Nasema tu kwamba nchi ikiwa changa, chuo huwa ndipo pa kwanza pa kuulizana: uhuru huu ni wa nani, na nani anakula nini?

Kuna mzee hapa Hatta ambaye huwa nakwenda kumsalimia Ijumaa baada ya swala. Ana asili ya Unguja, Kiswahili chake kitamu kama halua, anakitema na kahawa mkononi. Mwaka 1964, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari yalipotokea Zanzibar, yeye alikuwa mwanafunzi Cairo. Vijana wengi wa Zanzibar walikuwa wamepelekwa kule kusoma. Alisikia habari redioni. Barua kutoka nyumbani zikakatika. Wenzao waliobaki nyumbani nao wakapata njia nyingine, skuli ya King George ikageuzwa jina ikawa Lumumba, na vijana wakaanza kupelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, Urusi na China. Yeye hakurudi. Alimaliza masomo, akahangaika nchi mbili tatu, mwisho akaangukia huku Ghuba, wakati huku walikuwa wanamtafuta kwa tochi mtu anayejua kusoma na kuandika hesabu. Chuo kikuu cha kwanza cha Emirati hizi, kile cha Al Ain, kimeanzishwa 1976 tu, miaka 15 baada ya chetu cha Dar. Jambo hilo huwa nawaambia wenyeji wa hapa wanaodhani sisi tumetoka porini jana, hehehe.

Nikamsomea mzee ujumbe wa Mjomba. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwanangu," akaniambia, "sisi hatukusoma kwa uzalendo. Tulisoma kwa khofu. Ukifeli unarudi wapi?" Kisha akanyamaza kidogo akasema, "Na tukigoma pia. Chai haina sukari, tunagoma."

Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya na amekubali, ila jina lake nisilitaje.

Turudi kwa binti. Wengine mmeandika kwamba msichana kushika bango ni aibu, zamani wasichana wa chuo walikuwa na staha na waliheshimiwa. Zamani ipi? Mlimani ya miaka ya 70 na 80 ilikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch, kikundi cha siri kilichobandika ukutani matusi na michoro ya kuwadhalilisha watu, na waliokandamizwa zaidi ni wasichana. Mwaka 1990 binti mmoja wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na watu hao. Ndipo kikapigwa marufuku. Staha hiyo mnayoisifia, wasichana waliilipia kwa kunyamaza. Mimi mpwa wangu akipiga kelele nalala usingizi. Siku akinyamaza ndiyo nitapanda ndege.

Na kuhusu kudekezwa. Jamani! Mwanafunzi wa 1966 aligombea asilimia 40 ya mshahara ambao alikuwa na uhakika nao. Mwaka 2007 wanafunzi wa Mlimani waligoma tena, chuo kikafungwa, na namba ilikuwa ileile 40, ila safari hii ilikuwa asilimia 40 ya gharama ambazo mzazi alitakiwa kuzitoa mfukoni, na zile 60 zilizobaki ni mkopo. Umeona safari tuliyosafiri kwa miaka 41? Wa kwanza alilipiwa yote na kazi ikamngoja. Wa leo anakopeshwa, akimaliza anadaiwa, na kazi haipo. Pale kwetu kazini mlinzi wa getini ana shahada kutoka chuo kinachojulikana cha Uganda. Anasimama saa 12 kwa siku kufungua mlango wa gari za watoto waliozaliwa juzi. Yeye naye baba yake anamwambia kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi.

Binti yetu anaishi wanne kwenye chumba cha wawili, wenyewe wanaita kubebana. "Boom" ikichelewa anakopa maharage dukani. Haya yeye hakuyaandika kwenye kundi kwa sababu ana adabu, na nimeyapata kwa kumbana kwenye simu. Kuna wiki alikula mlo mmoja kwa siku na mtihani mbele yake, na akisapu somo ni sisi wa kwanza kumwita mzembe. Mjomba na kuku wake wa Jumapili anamwita aliyedekezwa!

Halafu hii habari ya JKT. Mjomba ameandika kwamba Jeshi la Kujenga Taifa ndilo lililowanyoosha. Sawa, na mimi sipingi JKT. Ilisimamishwa 1994, ikarudishwa 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita, na hata hawa Waarabu wa huku nao wameanza utumishi wa jeshi kwa vijana wao tangu 2014. Ninaona vijana wa hapa Hatta wanarudi likizo wamenyolewa upara wamenyooka kama misumari. Ni jambo jema. Lakini Mjomba, hiyo JKT unayoisifia ndiyo hasa waliyoiandamania hao wasomi wa kwanza unaowasifia! Huwezi kuvibeba vyote viwili kwenye kikapu kimoja. Chagua.

Kinachonikera zaidi nakisema wazi. Hatuwasifu wale wa kwanza kwa kuwa tunawajua. Tunawasifu kwa kuwa wamekuwa wazee, au wamekufa, na hawatuombi hela tena. Kijana aliye hai anaomba hela, kwa hiyo ana kasoro. Ni rahisi kumnyima mtu mwenye kasoro.

Sasa msimamo wangu, na nauweka hapa ili kila mtu auone. Mimi natoa dirham 300 kila mwezi kwenye mchango wa ukoo tangu nifike huku, na sijawahi kuruka mwezi, mweka hazina ni shahidi. Nimemwandikia mweka hazina kwamba kuanzia mwezi huu hizo dirham 300 zinakwenda moja kwa moja kwenye simu ya binti mpaka uamuzi ule utenguliwe. Michango ya msiba na ya hospitali ya Bibi iko palepale, hiyo siigusi. Na barua ya kuomba radhi hataandika. Nimemkataza mimi, kwa hiyo anayetaka kukasirika akasirike na mimi niliyeko mbali kilomita elfu kadhaa, asimwandame mtoto.

Dada zangu wa Muheza, nyinyi mliniambia kwenye simu kwamba hamkubaliani na Mjomba lakini mnaogopa kuandika. Mmekwisha jua watu kumi na tano walioweka vidole gumba ni nani. Sisi tuliobaki kwenye kundi ni ishirini na saba. Hesabuni.

Mjomba, najua utaisoma hii kwa sababu binamu atakusomea hata kama simu yako haina bando. Sehemu ya maoni iko hapo chini, haina kizuizi, na sitafuta hata neno moja lako. Nangoja hasa jibu la lile swali la Machi 1978. Shikamoo.

Picha za bwawa nitaziweka wiki ijayo, pamoja na ya yule mbuzi aliyepanda juu ya paa la gari la mgeni.